Harusi ya Evelyn Bila Mioyo Inayoruka

Mume wangu Melkizedeki ni mwanaume mzuri, sitaki mtu amseme. Lakini mpe kitu chenye vitufe uone! Harusi ya binti yetu Evelyn aliirekodi mwenyewe kwa kamera ya kuazima, akakataa katakata kumwita mpiga video wa mjini. Ikabaki kazi ya kuikata na kuiunga iwe kitu cha kutazamika, na hapo ndipo alipotaka kunitia wazimu.

Aliyeisubiri ile video kuliko sisi wote ni mama mkwe wangu, Kaanaeli. Wiki ya harusi aliteleza kwenye kinjia cha kwake Nkoaranga akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, mguu ukavunjika, akabaki kitandani huku mjukuu wake anaolewa.

"Gerson alikuja?" Ndilo swali alilotupokea nalo tulipokwenda kumwona baada ya harusi, hata kabla ya kuuliza bibi harusi alivaaje.

Gerson ni mdogo wake, anaishi Kikwe. Waligombania shamba la kahawa la baba yao, na tangu hapo wakikutana sokoni Kikatiti, yule mzee anatazama juu kama anatafuta mvua. "Nilimbeba mgongoni yule," mama husema, "na leo hata shikamoo hanipi." Tulimwambia kwamba alikuja. Hakuamini. Akasema tunamfariji tu, yeye anataka kumwona kwa macho yake.

Haya. Melkizedeki akaenda intaneti kafe mjini, akarudi na programu za bure kwenye flashi, meno yote nje. Ya kwanza ilijaa vitufe mpaka akaogopa kuigusa. Ya pili ilimkosha: mioyo inaruka, nyota zinamwagika! Ila ukimaliza kazi inabandika neno la Kizungu katikati ya uso wa mwanangu, mpaka uilipie.

"Bure gani hii?" nikamuuliza.

"Mama Evelyn, wote wanaoanza wanapitia hapa."

"Basi pitia haraka."

Wapi! Akang'ang'ana nayo. Akalaza na nyimbo za kwaya juu ya video yote, kwa sababu eti harusi isiyo na wimbo watu wataicheka.

Jumapili baada ya ibada tukapanda Nkoaranga na laptopu. Mama akatazama kimya mpaka zamu ya zawadi, watu wanacheza kwenda mbele na masufuria, vitenge, mablanketi. Mara Gerson huyo! Akasimama mbele ya kamera, akavua kofia, midomo ikacheza. Juu yake kwaya inaimba kwa nguvu zote, na moyo mwekundu ukampita puani.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Melkizedeki akajikuna kichwa. Siku ile alikuwa anahangaika na betri, hakusikia kitu.

"Ndugu yangu anaongea, na ninyi mnamwimbia juu!" Akageukia ukutani.

Jamani, niliumia. Wakati wa kushuka sikumsemesha mume wangu. Kisha nikaona anavyoteseka, nikamsemesha.

Rekodi yenyewe bado ilikuwemo kwenye kompyuta. Tulipofika nyumbani nikavuta kiti, nikamwambia afungue ile programu iliyokuja na mashine.

"Ile? Ile ni ya watoto. Haina hata mioyo."

"Inakata?"

"Inakata."

"Inaunga?"

"Inaunga."

"Na sauti za watu zinabaki?"

Akaifungua. Rahisi kweli, hata mimi nilikata. Tukaondoa dari la ukumbi alilolirekodi bila kujua, tukaondoa viatu vya watu, tukaandika majina chini ya picha. Foleni ya zawadi tukaiacha yote. Tulipofika kwa Gerson, Melkizedeki akainama, akasikiliza, akarudisha, akasikiliza tena. Machozi yakamlenga.

"Tusimwambie mama," akasema. "Amsikie mwenyewe."

Nampenda huyu mtu, basi tu.

Jumapili iliyofuata mama alikuwa bado amenuna. Akatazama kwa jicho moja. Video ilianza na kelele zake zote: matarumbeta, vigelegele, mtoto wa mtu analilia soda. Mama akacheka kidogo, akasahau kwamba amenuna. Zawadi zikaanza kupita. Matarumbeta yakapumzika, na Gerson akatokea na blanketi begani, akavua kofia, akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo.

"Shikamoo, dada," akasema. "Pole na mguu."

Mama akajiinua kwenye mito. Akavuta kitenge kikamkaa vizuri mabegani, kama vile mgeni ameingia chumbani.

"Marahaba, Gerson," akaiambia laptopu. "Marahaba, mdogo wangu."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akatugeukia, mkali.

"Na ninyi mbona mmekaa? Nendeni Kikwe mkamlete. Muda wote huu hajaitikiwa."