Kisu cha Kushinda Nacho

Yule kijana aliamkia bila kusubiri kuitikiwa, na hilo ndilo lililomfanya Yusta amtazame mara ya pili.

"Shikamoo mama. Nataka kisu. Kidogo, kisiwe cha kukunja. Cha kushinda nacho mwilini kutwa nzima."

"Marahaba," Yusta aliitikia taratibu.

Meza yake ya visu ilikuwa Mikumi, ukingoni mwa barabara kuu, mahali malori yaendayo Iringa na Tunduma husimama madereva wapate kula. Mwenyewe alizaliwa Kimamba, kambini kwenye mashamba ya mkonge, binti wa mnoa visu vya wakata mkonge. Kumuuzia mtu kisu, kwake, hakukuwa kunyoosha mkono na kumpa tu. Alikuwa na maswali yake, na la kwanza halikubadilika.

"Cha kazi gani, mwanangu?"

"Cha kazi tu."

"Kazi zina majina."

"Vitunguu. Natoka Malolo. Nakata kamba za magunia."

Yusta akachukua kisu kifupi kilichotengenezwa kwa bapa la msumeno, ncha yake imeviringwa. "Basi chukua hiki. Hakitatoboa kitunguu, wala hakitakutoboa wewe paja ukiinama. Ala ni ngozi ya ng'ombe, inakibana, hata ukiwa kwenye pikipiki hakichomoki. Hebu shika mpini. Mpini mzuri unajaza kiganja, vidole havigombanii nafasi."

Kijana hakuugusa. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kisu cha mwisho mezani, kile cha chuma cha springi ya lori, kimenyooka, kina ncha kama mwiba wa nungunungu. Wachuna ngozi ndio waliokinunua zaidi.

"Na kile?"

Hakusubiri kupewa. Alikichukua, na hakupima makali kwa kidole gumba kama wafanyavyo watu wa kazi. Alikichomeka kiunoni, akashusha shati juu yake, akaketi kwenye benchi, akasimama, halafu akakichomoa kwa ghafla. Akarudia tena, upesi zaidi.

"Kikikutana na mfupa, kinapinda?"

"Mfupa wa nini?"

"Wa mbuzi."

Yusta alijua kwamba mchinjaji hapigani na mfupa, hutafuta kiungo akapita hapo. Na huyu hakuwa mchinjaji. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji ya mfereji na kunuka vitunguu, kwa hiyo kuhusu kazi yake hakudanganya. Alichodanganya ni kazi ya kisu.

Akafuata macho ya kijana. Ng'ambo ya barabara, mbele ya mgahawa, lilikuwa limeegeshwa lori la tela lenye kichwa cha bluu. Nyuma yake kulikuwa na maandishi meupe makubwa: SUBIRI ZAMU YAKO.

Kumnyima kisu kusingesaidia. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na meza nyingine ya visu, na mwenye meza ile hakuwa mtu wa kuuliza. Huyu alitakiwa kubaki hapa hapa.

"Lete nikitie makali," alisema, akanyoosha mkono. "Mezani kwangu kisu hakitoki butu."

Kijana alisita. Macho yake yalikwenda kwenye lori, yakarudi. Akampa.

Yusta alimwagia kinoo maji, akaanza kunoa polepole kuliko alivyowahi kunoa maishani mwake.

"Unaitwa nani, baba?"

"Herman."

"Una watoto, Herman?"

Mlango wa mgahawa ulifunguka, Herman akashtuka, lakini aliyetoka alikuwa mama amebeba beseni la vyombo.

"Mama, fanya haraka."

"Chuma hakitaki haraka. Nimekuuliza watoto."

"Walikuwa wawili," Herman alisema. "Sasa nina mmoja."

Mkono wa Yusta ulisimama juu ya kinoo, kisha ukaendelea.

Herman akasimulia akiwa amesimama, bila kumtazama, kama mtu anayeliambia lori lile lililoko ng'ambo. Ilikuwa msimu uliopita wa kuvuna. Walitoka shambani jioni, yeye na binti yake Loveth, wakashuka kwenye barabara kuu kutafuta usafiri. Mtoto alikuwa ametangulia kidogo, ameshika kikapu. Lori likaja. Lilipomgonga lilipunguza mwendo. Dereva alitoa kichwa dirishani, akaangalia nyuma, akamwona mtoto, akamwona na baba. Halafu akakanyaga mafuta akaondoka.

"Niliripoti. Wakaniuliza namba ya gari. Namba sikuishika, mama. Nilishika maandishi. Na ule uso. Mtu mzima, kipara, ndevu zimeingia mvi. Mama yake Loveth ananiambia niache, nimwachie Mungu. Leo nimeleta mzigo hapa, nashuka kwenye gari, naliona lile pale."

"Umemwona dereva?"

"Yumo ndani anakula." Sauti yake ilikuwa kavu. "Anakula, mama."

Yusta alikuwa amezika mume, alikuwa amezika na wazazi, lakini mtoto hakuwa amezika. Akaendelea kunoa.

Ndipo ng'ambo mlango wa lori ukabamizwa na injini ikanguruma. Aliyetoka kula alikuwa amepandia mlango wa upande wa mgahawa, hawakumwona. Herman aliruka, akamkamata Yusta kifundo cha mkono, akakitwaa kisu. Kinoo kilianguka kikavunjika vipande viwili.

"Herman!"

Alikuwa ameshaanza kuvuka. Yusta aliinuka, goti likamgoma, akashika meza visu vikaporomoka. Mumewe alikuwa utingo miaka mingi kabla hajafa, na kwa kumsubiri na kumsikiliza Yusta alijua malori kama alivyojua sufuria zake. Akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Ukimfuata mlangoni tutawazika wawili! Kata mpira wa upepo! Ule mwekundu, nyuma ya kichwa! Breki zitakamata, hatoki mtu hapa! Herman, baba, unanisikia? Mpira!"

Herman alikuwa katikati ya barabara. Basi lilimpigia honi, likampita karibu shati likapepea. Alifika kwenye lori. Mlango wa dereva ulikuwa kulia kwake na nafasi kati ya kichwa na tela ilikuwa kushoto. Alisimama hapo. Yusta aliuona mkono wenye kisu ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, na magurudumu ya mbele yakaanza kuviringika.

Kijana akaingia kushoto.

Mlio ulitoka kama wa joka lililokanyagwa. Vumbi lilirushwa juu, matairi ya tela yakajikaza, lori zima likatikisika na kusimama palepale. Mlango ukafunguka, dereva akaruka chini akipiga kelele.

Alikuwa kijana mwembamba, nywele zimemjaa kichwani, kidevuni hana hata unywele mmoja.

Herman alitoka kwenye vumbi, kisu mkononi, akamtazama. Akageuka kuangalia maandishi ya nyuma, akarudi kwenye ule uso mgeni, akakaa chini kwenye kokoto.

"Mwizi!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye mgahawa. "Anakata mipira huyu!"

Mikumi yote ilionekana kutoka ndani ya nyumba zake. Wapiga debe, mafundi wa matairi, wanaume wenye mawe mkononi na mmoja mwenye nondo. Herman hakujitetea. Hakufanya hata bidii ya kukiachia kisu.

Yusta alivuka barabara bila kuangalia huku wala kule. Alipenya katikati yao, akafika, akamsimamia Herman mbele, khanga imemwanguka begani.

"Anayempiga aanze na mimi! Nimemwambia mimi akate. Mimi, Yusta wa visu, mnanijua wote. Gari hili liliua mtoto, na huyu ndiye baba yake."

Mwenye nondo alisita. Minong'ono ikapita kati yao. Yusta aliinama, akamfungua Herman vidole kimoja kimoja, akachukua kisu.

Dereva alikuwa amesogea. Jina lake, walikuja kujua baadaye, lilikuwa Thadeo. Hasira ilikuwa imemtoka usoni.

"Mtoto?" aliuliza. "Wapi?"

Yusta akamwambia.

Thadeo aliushika mpira uliokatika, akauachia. "Gari hili nimepewa mwaka huu," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyekuwa nalo kabla yangu alilirudisha likiwa na taa ya mbele imevunjika. Alimwambia tajiri amegonga swala hifadhini. Akaacha kazi wiki ileile."

"Swala," Herman alisema kutoka chini.

Aliinua uso.

"Swala," alirudia, safari hii akimwambia Yusta, kama mtoto anayetaka kuambiwa amesikia vibaya. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, uso kwenye kokoto, na wale waliokuja na mawe wakayaweka chini pembeni ya barabara bila kuangaliana.

Askari walipofika, Thadeo ndiye aliyeanza kusema. Alitaja jina la dereva wa zamani na mji aliosikia amehamia, akasema atamwambia na tajiri vilevile, hata kama kazi itaota mbawa. Gari lilizuiwa. Herman na Yusta nao walitakiwa kituoni, maana mpira ulikatwa na kisu kilishikwa hadharani, na hilo halikuweza kupita hivihivi. Yusta alimwomba muuza machungwa aiangalie meza, akapanda gari la polisi kama alivyokuwa, na vumbi la kinoo mikononi.

Kituoni walikaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Herman alitoa simu, akatafuta jina la mkewe, akapiga. Yusta aliisikia ikiita, kisha sauti ya mwanamke ikasema haloo, haloo, baba Loveth? Herman akampa Yusta simu.

"Haloo," Yusta alisema.

Pumzi ya mtu aliyesimama ghafla. Halafu kwa adabu, "Shikamoo mama. Yuko wapi? Amefanya nini?"

"Marahaba, mwanangu," Yusta alisema, akauweka mkono wake juu ya mgongo wa Herman. "Yuko hapa na mimi. Hajaua mtu. Tafuta mahali ukae, nikueleze."