Kanuni Namba Moja ya Admini Placidius

Wengine hulewa rubisi. Mimi nililewa uadmini. Tangu nikabidhiwe kundi la WhatsApp la mabwana na mabibi shamba wa Karagwe na Kyerwa, watu mia moja na arobaini, kanuni namba moja ilikuwa yangu: anayetangaza biashara anaondolewa. Niliwaondoa wauza mbolea, wauza asali, hata shemeji yangu Yustus na pampu zake. Nilipochoka kuwa peke yangu, nikampa na Anastazi wa Kimuli uadmini, tusaidiane, nikamfundisha kazi. "Ukiona picha, namba ya simu na neno miche, usipoteze muda kusoma. Futa, toa. Wakikupigia kulalamika, usipokee."

Jumatatu, Mama Sperancia, aliyenifundisha ubwana shamba, akatuma picha ya miche ya migomba na namba ya simu. Nikafuta, nikamtoa. Nakiri nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtu wa haki asiyempendelea hata mwalimu wake.

Alhamisi, gulioni, muuzaji mwenye maneno matamu akaniuzia miche hamsini. Ilikuwa ya kuongeza kwenye kibanja cha mama yangu pale Igurwa, shamba la migomba alilotuachia marehemu baba. Ndiyo chakula chetu na ndiyo heshima ya nyumba. Niliikagua kitaalamu, yaani niliitazama.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado nachimba mashimo Mama Sperancia alipoingia uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Admini."

Mama yangu akamtolea kahawa ya kutafuna kwenye kibo, kikapu kidogo cha wageni, kama mgeni yeyote. Hakugusa hata punje. Macho yake yalikuwa kwenye miche. Aliomba panga, akakata mmoja, na ute wa njano ukatoka.

"Mnyauko huu, ukiingia humaliza kibanja kizima. Umepanda mingapi?"

"Bado hata mmoja."

Kwa mara ya kwanza uvivu wangu ulikuwa na faida.

"Nilisikia umenunua gulioni, ndiyo maana nimekuja. Niliwatumia picha na namba ya muuzaji huyo ili msinunue kwake. Hukusoma?"

"Niliona picha."

Mama yangu alinitazama, kisha akaitazama migomba ya baba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Wenzako wengine wamenunua, na leo ndiyo siku ya kupanda," alisema Mama Sperancia. "Waambie."

Nikapiga picha, nikaweka namba ya muuzaji, nikaandika: "Miche ya migomba ya mtu huyu ina ugonjwa, msipande!" Nikatuma. Kabla sijafuta jasho, ujumbe ulikuwa umefutwa, na mimi nimeondolewa na Anastazi. Sijawahi kupata mwanafunzi msikivu kiasi hicho.

Hapo ndipo Mama Sperancia alipochukua punje ya kahawa, akatafuna, akanisogezea kibo.

"Karibu huku nje, mwanangu. Sasa tuwapigie, mmoja mmoja."

Nikaanza na Anastazi, maana yeye peke yake angeweza kuturudisha. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Hakupokea.