K ya Mjomba

Mwalimu Mwinjuma, mtu wa Tanga, alikuwa na siku nne tu za kuwafundisha watu wazima wa Mbuchi, kijiji cha kando ya mto, herufi za Kizungu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na Bwana Shauri, Mjerumani wa boma, alikuwa amemwambia waziwazi: wasiposoma, utakwenda vitani Umatumbi kubeba mizigo ya askari. Maskini Mwinjuma! Mabega yake hayakuwahi kubeba kitu kizito kuliko kanzu.

Basi akasimamisha ubao barazani, akaanza kuchora, kila herufi na kitu chake. Taabu ikaanzia A.

"A ni asali," alisema.

"Alifu yetu haina asali wala siki," alijibu Bi Mwanawetu, ajuza aliyehitimu Kurani kabla Mwinjuma hajazaliwa. "Inasimama peke yake. Hizi zenu zina maradhi gani, mpaka kila moja ishikiliwe?"

Mwinjuma akasonga mbele. Kwenye M akaandika neno maji. Kondo, mkata mikoko, akaruka na kulifuta kwa kofia yake mwenyewe: watu wananyongwa kwa neno hilo! Kwenye N akachora nguruwe, wakamwuliza kama anajua kuwa baraza lile husomewa maulidi. U ikawa ubwabwa, na darasa zima likaenda zake kula.

Lakini K aliipenda. Alichora kiboko mnene, mwenye meno, mzuri hasa.

"K ni kiboko!"

Watu wakageuka kutazama mtoni. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama mashambani, na Mbuchi nzima inajua kuwa msimu huo mnyama yule hatajwi jina. Ukimtaja, umemwalika.

"Mwite Mjomba," alinong'ona Bi Mwanawetu, "aone haya kula mali ya wapwa zake."

Mwinjuma alibisha, akabembeleza, akachoka. Siku ya nne Bwana Shauri akafika kwa mtumbwi, akipigiwa makasia na wanaume wa huko huko Mbuchi. Darasa lilisoma vizuri ajabu, tangu A mpaka J. Ikafika K.

"Mjomba!" waliitikia wote kwa adabu.

Bwana Shauri aliiva uso. "K ni mjomba? Mwalimu, funga mzigo wako!" Akaugonga ubao kwa fimbo. "Kiboko! Kiboko! Kiboko!"

Bi Mwanawetu akaziba masikio. Mwinjuma akafunga mzigo huku machozi yakimlengalenga, akaanza kuhisi sanduku la risasi kichwani.

Wakashuka gatini. Kando ya mtumbwi maji yakatutumka, kikaibuka kichwa kikubwa, kikatikisa masikio, kikapiga mwayo. Wapiga makasia wakaketi chini.

"Hatuendi, Bwana," alisema mmoja wao. "Umemwita, amekuja. Muage mgeni wako, aende zake."

Bwana Shauri alifoka, akatishia jela. Mgeni akausukuma mtumbwi kwa pua, ukalala ubavu. Jua likazidi kuchoma.

"Mwalimu, fanya kitu!"

"Mimi naogopa, Bwana," alisema Mwinjuma. "Tena hakuitwa na mimi. Umwombe radhi mwenyewe, kwa jina la heshima."

Bwana Shauri akatazama mto, akatazama watu. Polepole akavua kofia.

"Samahani, Mjomba."

Kichwa kikazama. Wapiga makasia wakauinua mtumbwi, wakatoa maji yaliyoingia, Bwana Shauri akapanda. Mwinjuma akamfuata na mzigo wake, mguu mmoja tayari ndani.

"Unakwenda wapi?" Bwana Shauri alinong'ona, macho hayabanduki majini. "K ni mjomba. Fungua mzigo."