Mkono Uliong'oa Paa

...au waache, waache kabisa, sindano ya kwanza tu imemtingisha mama mpaka kitanda kikagonga ukuta, ya pili si itamzika, na Daktari Anton kasimama pale miguuni anauliza kwa upole, Ndugu Koleta, tuendelee au tuache, wewe ndiye msomi wa ukoo, kana kwamba miaka mitatu ya kusomea udaktari Dar es Salaam inampa mtu ruhusa ya kuchagua mama yake afe kwa lipi, na upande wa pili wa kitanda kashika pembe za shuka, wamgeuze mgonjwa ubavu, nani kama si Lugembe, Lugembe wa mgambo, vidole vile vile vilivyong'oa paa la mama mwaka jana watu walipohamishiwa vijijini, nyasi zikawashwa mchana kweupe, mama anatazama, kisha akapelekwa huko Urambo pembeni mwa pori la ndorobo, mbung'o wale, na nani asiyejua ndorobo wa pori lile, wakamuuma, malale yakamwingia, majirani wakasema Leonia siku hizi mvivu, anasinzia tumbaku inamngoja, mvivu, yeye... na daktari bado anaeleza, vijidudu vimeshafika ubongoni, tukiacha atalala moja kwa moja, tukiendelea, dawa inaviua lakini vikifa ubongo wenyewe unavimba, na Koleta anawajua wanaouvimbisha, aliwaona kwenye darubini, seli ndogo zenye vijikono kama mizizi, askari wa ubongo, akasimama kwenye mdahalo wa chuoni akasema Bwana Mwenyekiti, askari anayechoma nyumba anayoilinda ni mhalifu, afukuzwe, wakapiga meza, akashinda, mwalimu wake tu mlangoni akamuuliza, ukishawafukuza, mizoga ya vijidudu ataizoa nani, naye akacheka kwa kuwa makofi yalikuwa bado yanapigwa...

"Dada msomi," anasema Lugembe, "mdahalo wa moyoni baadaye. Shuka inanikata vidole."

...akatwe, akatwe tu, anataka kumwambia hivyo, ila vidole vyenyewe vina malengelenge, na malengelenge hayo ni ya usukani wa baiskeli, maana ndivyo mama alivyoletwa mpaka kwenye treni, amefungwa kwa khanga kwenye kiti cha nyuma, Lugembe anasukuma, akidondoka anamfunga upya, anamtania eti mama Leonia mbona mzito hivi na chakula hakitoshi, mama mwenyewe alimsimulia, asubuhi ile ya kufikishwa hospitali, alipokuwa bado anasema, na kwamba mkutano wa kijiji ndio uliomtuma, kama walivyomtuma kwenye paa, Lugembe yule yule, damu ile ile aliyozaliwa nayo... hajamsamehe, paa ni paa... lakini yule yule, na darasani waliambiwa juu ya bakteria, kwamba akikuta sukari ya maziwa jeni fulani zinawashwa, ikiisha zinazimwa, bakteria hakubadilika, kilichobadilika ni amri, habari za ubongo hakuna aliyezitaja, hakuna anayejua bado, lakini kwa nini isiwe hivyo, kwa nini seli ile ile kwa amri moja isiwashe moto na kwa nyingine izoe mizoga, ifunike kidonda, ikae karibu na mishipa ya fahamu kama mtu anayeuguza, jeni zile zile, nyingine zimeamshwa, nyingine zimelazwa, basi alikuwa akimshitaki asiye mwenyewe, miaka yote anauliza wafukuzweje wakati swali ni nani anawaamuru na amri hiyo inageuzwaje, na hiyo dawa ya uvimbe ambayo daktari anasema wataitanguliza kabla ya sindano, aliyoidhani ya kumfariji yeye, haifukuzi mtu, inawaambia tulieni kidogo, shusheni mikono, kazi nyingine ipo... haina hakika, anajua haina hakika, wengine hufa hata hivyo, lakini kuna mlango hapo, mwembamba, na wengine wamepita, na akipita mama, yeye atarudi chuoni na swali ambalo hakuna mdahalo wa kulimaliza, hata likitaka maisha yake yote, na daktari bado anangoja, mama bado kalala chali, anavuta pumzi moja ndefu, kisha nyingine.

"Endeleeni," anasema Koleta. "Ya uvimbe itangulie." Halafu, bila kumtazama Lugembe usoni: "Wewe hamia huku, ushike kichwa. Kichwa cha mama, taratibu."