Choo cha Mwenyekiti Kisichojaa

Waliouziwa ploti Machimboni, nje kidogo ya Kitale unapoelekea Suam, hawakujisumbua kuuliza kwa nini mahali panaitwa Machimboni. Dalali aliwaambia hewa ni safi na bei ni ya kuokota, wakaridhika. Ati wazungu walichimba madini hapo zamani, wakaenda zao. Na mtu akienda si anaenda na mashimo yake?

Wekoye Khisa naye alinunua. Alikuwa amestaafu kazi katika ofisi ya kilimo Bungoma, na kiinua mgongo kilikuwa kinamwasha. Ndugu zake wa Kabuchai walimshauri arudi nyumbani alime miwa kama wenzake, lakini mtu aliyekaa na mafaili miaka thelathini angemsikiliza vipi mkulima wa miwa? Akajenga nyumba ya mawe, akahamia na mkewe Phelista. Mwaka haukuisha, asubuhi moja ardhi ikafunguka nyuma ya jikoni, pakabaki shimo jeusi lenye upana wa meza. Khisa akatupa jiwe, akatega sikio. Hakusikia kitu. Akatupa la pili, kimya vilevile.

Mjinga angekimbia. Huyu wetu msomi alifikiria jasho la kuchimba choo, akaona Mungu amemchimbia bure. Akalifunika shimo kwa magogo na simiti, akaacha tundu katikati, akazungushia mabati mapya na kutia mlango wenye komeo. Miaka kumi na miwili choo hicho hakikujaa wala kukaribia kujaa. Majirani walichimba vyao, vikajaa, wakachimba tena. Cha Khisa, wapi! Kukiwa na mazishi au harambee mtaani, wageni wote walielekezwa kwake, naye alisimama karibu na mlango akiwaeleza, hata wale waliobanwa, kwamba siri ya maisha ni kupanga mambo mapema.

Chini ya mteremko walikaa Gicheru na mkewe Kabura, ambao wazazi wao walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Ndani ya boma lao kulikuwa na chemchemi ya maji baridi, na mtaa mzima uliteka hapo. Gicheru hakumzuia mtu. Phelista aliteremka kila asubuhi na mtungi wake. Khisa mwenyewe hakuwa na habari na maji mabichi. Yeye alikuwa mtu wa chai.

Mvua za mwaka huu ndizo zilizoharibu mambo. Jikoni kwa jirani yao Wilkista ardhi ilizama na sufuria ya maharagwe ikiwa motoni. Kuta za nyumba sita zikapata nyufa za kupitisha mkono. Watu wakaunda kamati, na mwenyekiti angekuwa nani kama si Khisa, mwanamume wa pekee mtaani mwenye tai na faili? Ofisi inayoshughulikia machimbo ya zamani ikaandikiwa barua tatu, ikajibu moja baada ya kuja kuchota maji ya chemchemi na kuyapima. Jibu lilikuwa na mambo mawili: maji yana sumu ya madini, na maji yana uchafu wa choo. Mwenyekiti alisoma la kwanza mbele ya watu kwa sauti nzito mpaka akina mama wakatikisa vichwa. La pili alilikunja pamoja na karatasi.

"Hayo mengine ni ya wataalamu," alisema.

Ofisi iliahidi hivi: ikithibitika kwamba njia za chini za mgodi zinavuja hadi kwenye chemchemi, italeta maji ya mfereji na kujenga upya nyumba zilizoharibika. Isipothibitika, pole, endeleeni kupambana.

Siku hizo zote Phelista alikuwa kitandani na homa ya matumbo, ya nne hiyo. Daktari alimweleza Khisa bila kuzunguka: utumbo wa mama umechoka, ukishikwa mara ya tano utatoboka, na hapo tusidanganyane. Maji yachemshwe. Yalichemshwa siku nne, gesi ikaisha, ikawa basi. Khisa aliogopa kweli. Alimpenda mke wake, tusimsingizie. Alimwombea kanisani kwa machozi, akailaani migodi na wazungu waliochimba, kisha akarudi nyumbani kumpa maji ya kumezea dawa. Maji ya wapi? Ya palepale.

Mtaalamu aliyetumwa aliitwa Nyaruai, binti mwenye buti za mpira na ndoo za rangi ya kijani isiyodhuru mtu. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuelewa: anamwaga rangi katika kila shimo la mgodi, kisha anakaa kwenye chemchemi kuona kama itatokea. "Mwenyekiti, nionyeshe mashimo yote," alisema. Mwenyekiti akavaa tai, akamwonyesha matano. Kwa mkono wa kushoto wakapita choo chenye mabati, akakisifu kidogo kwa mazoea, wakaendelea.

Siku tatu zilipita na chemchemi ikabaki nyeupe. Nyaruai alikuja kuaga.

"Mzee, kesho naandika kwamba mgodi haufiki kwenye maji. Hamtapata mfereji. Pole sana."

Khisa alisikitika kwa uso na kushusha pumzi kwa moyo. Aliingia chumbani kumpelekea Phelista vidonge na kikombe cha maji, akamweleza habari hizo mbaya kwa ufupi.

"Baba Emmy," Phelista aliuliza, "ulimwonyesha mashimo yote?"

"Yote."

"Na letu?"

"Letu si shimo. Ni choo."

"Miaka kumi na miwili. Huwa kinaenda wapi?"

Khisa alijibu kwamba ardhi ina mambo yake, na kwamba hata ofisini waliwahi kufunzwa hivyo kwenye semina. Phelista alikuwa ameshika kikombe, hanywi. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka pete inateleza. Khisa akatazama kikombe, akatazama pete, akamwona yule daktari na ile mara ya tano yake. Alijua. Alikuwa amejua tangu alipokunja ile karatasi. Akanyoosha mkono, akamnyang'anya mkewe kikombe, akamwaga maji dirishani.

Nyaruai alikuwa tayari amewasha gari. Khisa alimsimamisha barabarani bila tai.

"Kuna la sita," alisema. "Lina mlango."

Rangi ilimwagwa chooni jioni hiyo. Kesho yake saa nne asubuhi Kabura aliinama kuteka maji ya chai, mtungi ukajaa kijani kibichi, hata mboga zingeona wivu. Kufika saa tano mtaa wote ulikuwa bomani kwa Gicheru, na Nyaruai anaandika: mgodi unafika kwenye maji, imethibitika, mfereji utakuja. Ushindi huo! Khisa akaona hapo ndipo pa mwenyekiti kusema neno. Akakohoa.

"Ndugu zangu, kamati yenu imefaulu."

Hakuna aliyepiga makofi. Gicheru, mtu mpole, alikuwa anahesabu kwa vidole mazishi na harambee ambazo yeye naye alielekezwa chooni kwa Khisa, na kila aliyemwona akihesabu alianza kuhesabu zake. Wilkista alitema mate chini, akajipangusa mdomo kwa leso, akajipangusa tena.

"Sikujua," Khisa alisema. "Mbele ya Mungu, mpaka juzi sikujua. Hakuna mtu angejua."

Hapo ndipo Phelista alipotokea langoni, amejifunga shuka, ameteremka polepole peke yake akishika ua. Alimpita mumewe, akaenda kusimama mbele ya Kabura.

"Mama Muigai, nisamehe. Mimi nilijua. Mwaka wa pili wa kile choo, wakati wa mvua, nilikuja kuteka mapema nikaokota karatasi hapa majini. Ilikuwa ya ofisi ya kilimo, yenye sahihi ya Baba Emmy. Zile anazoenda nazo chooni. Nikaificha kifuani."



Kabura alimtazama yule mwanamke aliyekonda, aliyeteka maji pamoja naye kila asubuhi.

"Na bado ukaendelea kunywa? Miaka yote hiyo?"

Phelista alimgeukia mumewe kwanza, kisha akamjibu Kabura.

"Ningeacha, mngeuliza kwa nini."