Mtambo wa Shaba wa Mama Mkwe

Mke wangu Mongia alianguka kutoka juu ya ngazi akiwa na ndoo ya chokaa, ngazi ikavunjika, mkono ukavunjika, na alipofumbua macho hakuuliza habari za mkono. Aliuliza, "Ukuta nimeumaliza?"

Hakuwa ameumaliza. Ulibaki ukuta wa stoo, kama ilivyo kila mwaka, kwa sababu mbele ya ukuta huo ndipo vilipolala vyuma vyangu: taa tatu za reli, springi za mabehewa, valvu za kila ukubwa, na kengele ya shaba ya stesheni moja ya kusini iliyofungwa zamani. Nilipostaafu reli, vyuma hivyo vilistaafu pamoja nami. Kila machipuko, mji wetu wote wa Nabeul unapopaka chokaa, unapofua mablanketi na kutoa magodoro ya sufi juani, Mongia huniambia maneno yale yale: "Baba Rim, chagua. Vyuma au mimi." Nami humjibu, "Nipe muda nifikirie."

Hospitalini walimfunga plasta mkono wa kulia, kutoka vidoleni hadi kiwikoni, wiki sita. Daktari akasema asinyanyue hata kijiko. Tuliporudi aliingia uani, akainua macho kwenye mdanzi wetu, mti wa machungwa machungu, akaanza kulia. Nilidhani ni maumivu.

"Maua yanafunguka wiki hii," alisema. "Na mtambo utawashwa na nani?"

Hapo na mimi nikakaa chini.

Mtambo huo ni wa shaba, tumbo lake kama la mjamzito wa mapacha. Juu unavaa kofia ya udongo yenye beseni la maji baridi, na ubavuni una mdomo mrefu unaodondosha ndani ya chupa iliyovikwa ukili. Maua ya mdanzi yanaingia chini, maji ya maua yanatoka ubavuni: ya kahawa, ya keki, ya homa za watoto, ya kuwanyunyizia wageni. Mama mkwe aliwaachia mabinti zake wawili mtambo mmoja, na kwa kuwa haukatiki katikati, aliacha na sharti. Utakaa katika nyumba inayouwasha. Msimu mmoja wa maua ukipita umelala bila moto, unahamia nyumba ya pili.

Mongia alikuwa ameuwasha miaka ishirini na tisa mfululizo. Aliuwasha akiwa na mimba ya Rim. Aliuwasha mwaka wa mafuriko, mtambo ukiwa juu ya kabati na yeye akiwa juu ya meza, na anayebisha ningemwonyesha alama ya maji ukutani, ila tumeipaka chokaa. Maji yake yalikuwa na sifa mji mzima. Paka wa jirani yetu Tijani alilamba tone moja sakafuni, akakataa samaki kwa mwezi.

Jumapili dada yake Dalenda akaja kutoa pole. Alileta supu ya shayiri, akambusu mgonjwa mara nne, kisha akasimama mbele ya mtambo akaupima kwa shubiri.

"Dada, usiupime mbele yangu," Mongia akasema.

"Naupima tu, mdogo wangu. Rafu nimeshaipaka rangi." Akanigeukia. "Shemeji, Ijumaa baada ya sala nitakuja na mkokoteni. Upepo wa jangwani unakuja, maua yenu hayavuki Ijumaa. Binti yenu Rim yuko mbali, Sfax, na mtoto mchanga. Na wewe, mdogo wangu, mkono ndio huo. Nani atawasha, paka?"

"Nitawasha mimi," nikasema.

Dalenda alicheka hadi akashika ukuta, na ukuta bado mbichi, akakitoa kiganja kikiwa cheupe.

"Mwanamume?"

"Mama alisema nyumba," Mongia akajibu polepole. "Hakusema mwanamke. Na huyu, kwa bahati mbaya, ni wa nyumba hii."

"Haya. Lakini maji yanyweke. Nitayaonja mwenyewe kwenye kahawa. Yasiponyweka, mtambo umelala."

Sasa, msomaji, ujue ninayeitwa Khemais si mgeni wa moto. Kabla ya treni za dizeli nilikuwa mlisha makaa kwenye garimoshi la madini ya fosfeti miaka tisa. Nililipandisha mlimani na mabehewa arobaini, pamoja na harusi moja iliyopanda kwa makosa, na bwana harusi alifika kabla ya kubadili mawazo. Kwa hiyo Jumanne, baada ya kuchuma matawi yote ya chini Jumatatu na kuyaanika maua kivulini siku nzima, nilijaza tumbo la mtambo, nikafunika, nikarundika kuni za mzeituni chini yake kama ninavyojua.

Mongia alikuwa kitini, plasta mapajani. "Moto mdogo."

"Sawa."

"Mdogo, Baba Rim. Unapika maua, hukimbizi treni."

"Mama Rim, moto niachie mimi. Wewe pumzika."

"Maji ya juu yamepata moto. Badilisha."

"Yakipata moto si vizuri? Yanasaidia."

Akageukia ukuta. Kugeuka kwake ningepaswa kukuogopa kuliko kelele, ila nilikuwa naangalia mdomo wa mtambo. Kazi ambayo kwake huchukua nusu siku, kwangu ilimalizika kwa saa moja. Chupa ikajaa pomoni. Nikampelekea kwa mikono miwili kama trei ya harusi.

"Nimefika kabla ya ratiba!"

Alinusa. Akanirudishia. "Nusa wewe."

Nilinusa. Soksi ya mlisha makaa ikiungua inanuka vile, nami najua, niliwahi kuunguza ya kwangu.

Tijani akapaza sauti juu ya ukuta. "Khemais! Mnachoma godoro?"

"Tunachoma ulimi wako, rudi ndani!"

Alasiri Dalenda alikuwa amekwisha kusikia, akaja, akatia kidole, akakifuta kwenye ukuta wangu. "Haya ni maji ya kuoshea behewa. Hayahesabiki. Tuonane Ijumaa." Nilipoyamwaga kwenye mtaro, nilimwona mende akiondoka na familia yake.

Mongia hakunilaumu. Angenilaumu ningepona. Alikula kuskus kwa mkono wa kushoto, akimwaga nusu mezani, kisha akatoka uani. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti mbele ya mtambo, ana majivu na kipande cha limau, anausugua kwa mkono ule mmoja. Masizi yangu yalikuwa yameupaka hadi shingoni.

"Unafanya nini?"

"Sitaki dada aseme nimempa mtambo mchafu."

Alisema hivyo bila kuniangalia, na akaendelea kusugua mahali pale pale palipokwisha kung'aa. Mama yake alimfundishia hapo hapo, kwenye shaba hiyo, akiwa na miaka minane. Nikapiga magoti kando yake.

"Mama Rim," nikasema, "nifundishe."

"Unasemaje?"

"Nifundishe."

"Sema kwa sauti. Tijani hajasikia."

"Nifundishe!" nikapiga kelele, na kweli kutoka ng'ambo ya ukuta nikasikia mtu akikohoa kahawa.

Miaka thelathini na minne ya ndoa, hilo neno lilikuwa halijatoka kinywani mwangu. Aliliacha lielee kidogo, akalifurahia, kisha akanikabidhi limau.

Alhamisi alfajiri tulitandaza mashuka chini ya mdanzi. Matawi ya chini nilikuwa nimeyamaliza Jumatatu. Yaliyobaki niliyatikisa kwa fimbo, na mwanga ulipotosha tukapima: kilo mbili na nusu. Mtambo unataka nne. Pungufu ya hapo unapata maji ya bomba yaliyopitiwa na ua njiani.

"Juu ya stoo," Mongia akasema.

Tuliinua macho. Tawi kubwa kuliko yote lilikuwa limelala juu ya paa la stoo, jeupe kama limeangukiwa na theluji, na katika miaka yote hakuna mkono uliowahi kulifikia, kwa sababu chini yake kuna vyuma. Ngazi ndiyo ile iliyovunjika.

"Vyuma vinapandika," nikasema.

"Utakufa."

"Nitakufa nikinukia."

Nilipanda. Nilikanyaga springi, ikanirusha kwenye valvu, valvu ikanirusha kwenye taa, na kengele ya stesheni ikalia kila nilipohamisha mguu. Mtaa ulidhani treni imerudi. Tijani alitoka na sanduku la safari, au ndivyo ninavyosimulia mkahawani naye hukaa kimya. Nilichuma hadi vidole vikawa vya njano, nikashusha maua kwa kilemba changu, safari sita. Kilo nne na konzi moja zaidi.

"Umeona?" nikamwambia huku nahema. "Bila vyuma vyangu tungekwama."

"Nimeona," Mongia akasema, akitazama rundo lile kwa jicho nililopaswa kulitilia shaka.

Maua yalilala kivulini juu ya shuka hadi kesho yake. Ijumaa asubuhi upepo wa jangwani ulishaanza kupiga, moto na vumbi, na maua ya mwisho ya mji yakaanguka barabarani. Hatukuwa na nafasi ya tatu.

Safari hii nilifanya kama mwanafunzi. Nilikanda unga na maji, Mongia akanionyesha kwa mkono wa kushoto namna ya kuupaka kwenye kitambaa na kuziba pale kofia inapokutana na tumbo, kama tunavyoziba chungu cha kuskus. Kuni tatu tu, nyembamba kama vidole.

"Weka kiganja karibu na moto," alisema. "Hesabu."

Nilihesabu hadi kumi na mbili, nikautoa.

"Mkubwa huo. Uweze kufika ishirini."

Nikatoa kuni moja. Ishirini.

"Sasa kaa. Tone likianguka, sema bismillahi polepole. Ukimaliza, tone la pili lianguke. Likiwahi, toa kuni. Likichelewa, ongeza kijiti."

"Nami niliyevuta mabehewa arobaini niongeze kijiti?"

"Kijiti."

Nikakaa. Tone. Bismillahi. Tone. Nilibadilisha maji ya beseni kila yalipokuwa vuguvugu, ndoo kutoka kisimani, mara moja, mara ya pili, mara ya tano. Katika maisha yangu ya moto sikuwahi kukaa kimya mbele ya moto muda mrefu hivyo. Kufikia adhuhuri nilikuwa nasikia tone kabla halijaanguka, na Mongia, ambaye hakulala vizuri tangu aanguke, alikuwa amesinzia kitini kichwa kimeegemea ukuta wake mweupe. Nilifurahi zaidi kwa usingizi ule kuliko kwa sifa yoyote niliyowahi kupewa. Ameniachia moto.

Ndipo mtambo ukapiga mluzi.

Unga ulikuwa umekauka kwa upepo, ukapasuka, na mvuke ukawa unatoka ubavuni kama uzi. Uzi ule ndio ulikuwa msimu wetu mzima, unapotea hewani. Matone yakakoma. Nikabandika kiganja juu ya ufa.

"Mama Rim!"

Aliamka akiwa amekwisha kujua. Hakupiga kelele. Alikanda unga kwa mkono mmoja juu ya goti, haraka kuliko ninavyokanda kwa miwili, akausukuma chini ya kiganja changu huku nikikitoa kidole baada ya kidole. Mluzi ukafa. Kiganja changu kilikuwa chekundu kama harisa, pilipili yetu ya kusaga.

Tone.

"Bismillahi," tukasema pamoja.

"Salamu alaykum!" Dalenda akasema mlangoni. Ana kamba begani, na nyuma yake mkokoteni umeziba mlango wa uani. "Naona mnauaga."

"Keti, dada," Mongia akamwambia. "Bado unafanya kazi."

"Sala imekwisha. Tulisema baada ya sala."

"Baada ya sala ni hadi sala inayofuata," nikasema. "Shemeji, una haraka gani? Rafu haikimbii."

Aliketi, ila kwa upande, kama mtu asiyetaka kiti kimzoee. Maji ya beseni yakabadilishwa mara ya sita na ya saba. Upepo ulivuma, lakini uani kwetu harufu ilikuwa imesimama imara, na upepo wenyewe uliingia kwa jeuri ukatoka kwa adabu. Tone la mwisho lilipochelewa kabisa, Mongia aliniashiria kwa kichwa nami nikazima.

Kahawa nilipika mwenyewe. Mongia akadondosha maji kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Dalenda alinusa kwanza, kwa muda, akitafuta moshi. Maji mapya huwa na ukali kidogo, na pua yake inaujua na kuusamehe. Hakukuwa na kingine cha kusamehe. Akanywa. Akaweka kikombe chini, akakichukua tena, akakuta kitupu, akakitazama kama kimemwibia.

"Moto ulishikwa na nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mwongo mkubwa."

Nikamwonyesha kiganja. Alikishika, akakigeuza, akatazama ule wekundu, kisha plasta ya mdogo wake iliyojaa unga mkavu. Akakiachia. 

"Mama angeomba kikombe cha pili," akasema. Akasukuma kikombe mbele. "Na mimi ni binti yake."

Mongia alipiga kigelegele kirefu hivi kwamba majirani walijibu bila kujua sababu, na Tijani akapaza sauti kuuliza nani anaoa. Nilicheza. Nina ushahidi wa watu wawili kwamba nilicheza, na kwamba niliuzunguka mtambo, yule mama mkwe wa shaba, mara tatu huku nikivuma kama garimoshi.

Dalenda alimaliza kikombe cha tatu, akakumbuka kamba begani. "Nimeusukuma mkokoteni huu mitaa minne. Niurudishe mtupu watu wanione?"

"Hautarudi mtupu, dada," Mongia akasema. Alisimama, akatembea mpaka kwenye ukuta wa stoo, akauweka mkono wake mzima juu ya rundo la vyuma. "Baba Rim, nilikupa muda wa kufikiri. Umemaliza?"

Nilimtazama. Mtambo umebaki kwake, mkono umevunjika, ukuta mmoja haujapakwa. Kuna nyakati mlisha makaa anajua breki hazishiki.

"Kuna mhunzi mtaani kwangu," Dalenda akasema, macho yakimng'aa. "Anapenda springi."

Tulipakia sote watatu, yeye akichagua, Mongia akiamuru, mimi nikiinua. Chupa moja ya maji ya maua, fungu la Dalenda, ilikaa juu kabisa, ndani ya taa ya reli, imefungwa kwa ile kamba aliyokuja nayo. Nikasukuma mimi. Mtaa mzima kengele ya stesheni ililia juu ya mawe, watu wakitoka milangoni, na nilipogeuka mwisho wa barabara nilimwona Mongia tayari ana ndoo ya chokaa na brashi mkononi, ule wa kushoto, anauanza ukuta.