Weupe Chini ya Ufa

Rahel alikuwa na utaratibu wake wa kupima mapango, na hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Aliingia pango lile lile, akasimama hatua nane kutoka mlangoni, akawasha mwenge mmoja, akapiga picha ya skrini. Kisha akaiondoa modi aliyokuwa akiipima, akaweka nyingine, akaanza upya tangu mlangoni.

Gemu yenyewe ilikuwa ya miaka mingi kidogo, ya wafalme na majoka, na wenzake waliocheza waliizoea kwa jina la Taji la Majivu. Aibu yake ilikuwa mapango. Walioitengeneza walikuwa na picha moja tu ya jiwe la kijivu, wakairudia kila ukuta, mpaka mchezaji akiingia anajiona yuko kwenye banda lililopigwa plasta na fundi mlevi. Ndipo wachezaji wenyewe wakaanza kutengeneza modi, mafaili ya kuongeza ndani ya gemu ili kuta zivae mawe mapya. Zikawa nyingi, na mwenye kompyuta dhaifu na bando la kuungaunga hawezi kuzijaribu zote. Rahel alizijaribu kwa niaba yao mchana, wateja walipopungua kwenye duka lake la kutengeneza kompyuta pale Mwembesongo, akaandika matokeo kwa Kiswahili kwenye ukurasa wake. Juu ya ukurasa aliweka sentensi moja: hapa tunahukumu kinachoonekana.

Wiki ile modi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka kwa mtu wa ng'ambo, na mawe yake yaling'aa kama yamepakwa mafuta, ingawa yalipangwa vizuri. Ya pili ilikuwa nyepesi, inaenda hata kwenye kompyuta ya kizamani, lakini kuta zake zilifanana na ukoko wa ugali. Ya tatu ilikuwa ya Wilfred, aliyesoma naye chuo cha ufundi, ambaye sasa alifundisha kompyuta kwenye sekondari moja huko Dumila. Wilfred alipanda milima ya Uluguru na kamera ya kuazima, akapiga picha mia nne ndani ya pango la kweli, akakaa miezi mitano akizishona.

Rahel alipoiwasha mara ya kwanza aliacha chai ikapoa. Jiwe lilikuwa na ukoga, lilikuwa na kutu, lilikuwa na mikwaruzo ambayo hakuna mashine ingeibuni. Upande wa kushoto kulikuwa na ufa mrefu, na chini ya ufa michirizi myeupe iliyokauka, ya urefu usiolingana. Michirizi ile ndiyo iliyolifanya jicho liamini vingine vyote. Aliandika kwamba modi ya tatu ni ya kwanza, na kwamba weupe ule ndio siri yake. Akaliacha andiko likae siku moja kabla ya kulichapisha, kama alivyozoea.

Kesho yake, Jumatano, mjomba wake Severini aliteremka kutoka Mgeta, huko milimani, na pikapu iliyoleta kabichi sokoni. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho la kulia mwezi uliopita na daktari alitaka kumwona tena. Alipotoka kliniki alipita dukani kusubiri gari la kurudi. Rahel alimwamkia, akampa kiti, akamletea soda, wakaulizana habari za nyumbani. Mazungumzo yao hayakuwahi kwenda mbali tangu msiba. Mwaka juzi, mama yake Rahel, Kristina, alipokuwa amelazwa katika siku zake za mwisho, Severini aliondoka hospitalini bila kuaga, akapotea siku mbili, akarudi na matope kwenye suruali. Alikuwa kaka pekee wa Kristina, na katekista kwa miaka kumi na tisa. Wodi nzima ilimtegemea kwa sala. Hakueleza alikokuwa. Rahel hakumuuliza, ila hakusahau.

Rahel alirudi kwenye kazi yake. Alikuwa akihakikisha picha za modi ya tatu kabla ya kuchapisha, na mjomba alikuwa nyuma yake, akilizoeza jicho jipya kutazama vitu.

"Hapo ni wapi?" Severini aliuliza.

Rahel alimwambia si mahali, ni gemu tu. Mzee akamwomba arudi nyuma kidogo, ageukie kushoto, ashuke chini. Rahel akafanya hivyo. Ufa ukajaza skrini. Severini alisogeza kiti, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa lile la kulia, kisha akabadilisha.

"Nani aliingia humu?"

Rahel alimweleza habari za Wilfred na kamera yake. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, bila kuinua sauti, kwamba lile ni pango la ukoo wao. Weupe ule ni unga wa tambiko, uliokorogwa kwa maji. Ulio juu, ule ulioanza kufifia, aliumwaga bibi yake Rahel mwaka wa ukame. Ulio chini aliumwaga yeye.

"Lini?" Rahel aliuliza.

"Mama yako alipolazwa. Nilikwisha sali sala zote ninazozijua."

Mteja aliingia kuulizia chaja, Rahel akamwambia hazipo. Zilikuwepo, zimening'inia nyuma yake. Mteja alipotoka, mwenge wa kwenye skrini ulikuwa ukiendelea kuwaka mbele ya ukuta.

Severini alisema parokiani hakuna aliyejua, na angependa ibaki hivyo. Kisha akataka kujua ni watu wangapi wamekwisha kuliingia pango lile. Rahel alifungua mahali palipoandikwa idadi. Watu elfu kumi na moja na mia tatu walikuwa wameichukua modi ile. Mjomba aliuliza wanafanya nini humo ndani, na Rahel hakuona njia ya kumficha: wanaua buibui wakubwa, wanapekua mifupa kutafuta dhahabu.

"Sasa unataka nifanye nini, mjomba?"

"Unaniuliza mimi kama vile wewe ni mgeni. Kwetu ukoo hufuata mama. Wanangu ni wa ukoo wa mama yao. Wewe ndiye wa ukoo huu. Neno hili ni lako pia."

Rahel alifikiri. Akasema anaweza kumwomba Wilfred aiondoe modi nzima. Severini akatikisa kichwa. Jiwe, alisema, limeumbwa na Mungu, na kila apitaye mlimani analiona. Huyo kijana hakuiba jiwe. Aondoe unga tu.

Alipoondoka, Rahel alimpigia Wilfred. Wilfred aliapa kwamba hakujua. Alidhani ni chumvi iliyotoka kwenye mwamba, au kinyesi cha popo. Mkulima mmoja alimwonyesha njia na hakumwambia kitu. Lakini aliposikia ombi lenyewe alibadilika. Alieleza kwamba ukuta ule ndio aliouanzia. Kuta nyingine kadhaa zimekatwa kutoka humo. Akiufuta weupe, inabidi ashone upya robo ya kazi, na haitakuwa nzuri tena.

"Picha siyo pango, Rahel," alisema. "Na wewe mwenyewe umeandika, tunahukumu kinachoonekana."

"Ninajua nilichoandika. Nakuomba tu."

Wilfred alikata simu. Siku nne hakusikika. Ya tano aliiondoa modi ya zamani mtandaoni, akaweka mpya, bila neno. Zile elfu kumi na moja zilizokwisha kuchukuliwa zilibaki kwenye kompyuta za wenyewe, na hilo hakuna aliyeweza kulirudisha. Rahel alimweleza mjomba kwa simu. Mjomba alisema waachwe, kwani hawajui wanachokitazama.

Ilibaki kupima. Rahel aliingia pangoni, hatua nane, mwenge mmoja. Wilfred alikuwa amefanya kazi safi. Usingejua kuna kitu kimetolewa. Lakini ukuta ulikuwa umelala. Jicho lilipita juu yake bila kushikwa na chochote, na sasa ilionekana wazi mahali ambapo jiwe moja lilirudiwa mara tatu. Modi ya mtu wa ng'ambo, pamoja na mafuta yake, ilikuwa bora. Rahel alirudia kipimo mara mbili akitafuta sababu ya kuona vingine. Hakuipata. Akaandika hivyo hivyo: ya ng'ambo kwanza, ya Wilfred ya pili, ile nyepesi ya tatu. Hakueleza kwa nini toleo jipya limeshuka. Wasomaji wachache waliokuwa na la zamani walishangaa, wakamlaumu Wilfred kwa kuharibu kazi yake, na Wilfred hakujitetea. Alimtumia Rahel ujumbe mmoja tu: "Ungeweza hata kutoipima." Rahel aliusoma mara nyingi. Alikubali kwamba ni kweli, na kwamba pengine ndivyo angepaswa kufanya. Alimwandikia hivyo. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa.

Mwezi wa Novemba alipanda Mgeta kwa misa ya kumbukumbu ya mama yake. Severini aliongoza sala kaburini kwa sauti ile ile ya miaka yote, na safari hii Rahel aliitikia kila neno. Baada ya chakula walikwenda shambani kuangalia njegere, ukungu ukapanda kutoka bondeni mpaka wakawa wanaonana kwa shida. Rahel alikuwa amekusudia kumwomba radhi kwa kinyongo cha miaka miwili, na maneno alikuwa ameyapanga ndani ya gari tangu Mlali. Alipoyatoa yalikuwa mafupi kuliko alivyopanga. Mjomba alisema naye alikosa kwa kuondoka bila kuaga. Mgonjwa alikuwa dada yake, lakini Rahel ndiye aliyeachwa peke yake kando ya kitanda kile.

Wakafika mwisho wa tuta. Severini alitazama viatu vya Rahel, vya kitambaa, vimekwisha kulowa.

"Hivyo havifai huko juu pangoni," alisema. "Kesho asubuhi azima buti za Angelina."

Angelina, mke wa mjomba, alizitoa buti usiku ule ule bila kuuliza za safari gani. Zilikuwa kubwa. Rahel alivaa soksi jozi mbili, akazijaribu kutoka mlangoni mpaka jikoni, akaona anaweza kutembea nazo.